Bima ya matibabu inayolipwa na mwajiri: Kwa nini usiipokee kama pesa taslimu

Na Daktari Wetu

Mwezi unapofika ukingoni, wafanyakazi wengi hutazama mstari mmoja tu wa stakabadhi ya mshahara: ule wa mwisho, unaoonyesha pesa zinazokwenda benki. Mistari iliyo juu yake huachiwa karani wa mishahara na Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA. Hata hivyo, mara nyingi ni katika mistari hiyo ambamo hupatikana jibu la swali ambalo sisi madaktari hujiuliza kila siku: je, mgonjwa huyu ataweza kununua na kumaliza dawa nitakazomwandikia?

Huenda msomaji akauliza, daktari na mambo ya kodi ni wapi na wapi? Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Hupiti juma moja katika zahanati za mijini bila mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari kusema, "Daktari, niandikie za wiki moja kwanza, nitarudi mwisho wa mwezi." Aghalabu huyo si mtu asiye na kazi. Ni karani, mwalimu wa shule ya kibinafsi, fundi au muuzaji katika duka kubwa. Ukimuuliza kuhusu bima atakwambia kwamba kazini kwao hupewa pesa kidogo za matibabu pamoja na mshahara. Pesa hizo zilikwisha kumezwa na pango la nyumba na karo ya watoto kabla ya ugonjwa kubisha hodi.

Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo wafanyakazi na waajiri wengi hawalifahamu vyema. Shilingi ambayo mwajiri anailipa moja kwa moja kwa kampuni ya bima ili utibiwe hufika hospitalini ikiwa nzima. Shilingi hiyo hiyo akikupa mkononi, hukatwa kwanza, na kinachobaki ndicho unachoenda nacho kwa daktari.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470 ya Sheria za Kenya, huhesabu karibu kila kitu ambacho mwajiri humpa mwajiriwa kuwa ni mapato. Mshahara, marupurupu ya nyumba, ya usafiri, malipo ya saa za ziada, bonasi, vyote hutozwa kodi. Lakini kifungu cha 5 cha sheria hiyo kimeweka mambo machache kando, na moja kati ya hayo ni matibabu.

Kwa ufupi, thamani ya matibabu ambayo mwajiri anampa mfanyakazi wake wa muda wote, au malipo ya bima ya matibabu ambayo mwajiri anayalipa kwa niaba ya mfanyakazi huyo, hayahesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi. Hayatozwi kodi. Sharti ni kwamba bima hiyo iwe imetolewa na kampuni inayotambuliwa na Kamishna wa Bima.

Tazama kwamba sheria haisemi lazima bima iwe ya kundi zima la wafanyakazi. Kampuni kubwa huwa na bima moja ya wafanyakazi wote, lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi lenye wafanyakazi wanne, au mwenye shule ndogo ya chekechea, huenda asiweze kupata mpango wa namna hiyo. Anaweza kulipia bima ya mtu mmoja mmoja, ambayo kila mfanyakazi ameichagua kulingana na familia yake. Madhali ni mwajiri anayelipa kwa niaba ya mfanyakazi, na madhali mfanyakazi ni wa muda wote, nafuu hiyo ipo.

Kwa upande wa mwajiri, malipo hayo ni gharama za kuendesha biashara kama ulivyo mshahara, kwa hiyo huyaondoa katika mapato ya biashara kabla ya kukokotoa kodi yake mwenyewe. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 34, inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi wake anapata dawa zinazofaa akiwa mgonjwa na, inapowezekana, atibiwe akiugua sana. Kumlipia bima ni njia mojawapo ya kuutimiza wajibu huo kwa utaratibu.

HESABU YA SHILINGI 6,000

Maelezo ya sheria huchosha, kwa hiyo na tuchukue mfano. Tuseme mfanyakazi anapata mshahara wa Sh120,000 kwa mwezi. Mwajiri wake ametenga Sh6,000 zaidi kila mwezi kwa ajili ya matibabu. Kuna njia mbili za kuzitoa.

Njia ya kwanza ni kumpa pesa taslimu kama marupurupu ya matibabu. Hapo Sh6,000 huingia katika jumla ya mshahara. Zinakatwa asilimia 2.75 ya Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, yaani Sh165. Zinakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba za gharama nafuu, yaani Sh90. Tangu Desemba 27, 2024, makato hayo mawili huondolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mapato, kwa hiyo zinazobaki kutozwa kodi ni Sh5,745. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, mfanyakazi wa mshahara huo hutozwa asilimia 30 kwa shilingi zake za juu. Kodi yake ni Sh1,723.50.

Ukijumlisha makato yote matatu unapata Sh1,978.50. Kati ya zile Sh6,000, zinazofika mfukoni ni Sh4,021.50. Kwa mwaka mzima mwajiri ametoa Sh72,000, naye mfanyakazi amepokea Sh48,258. (Hapa tumeacha kando makato ya NSSF, ambayo hutegemea kiwango cha mshahara.)

Njia ya pili ni mwajiri kuzilipa Sh6,000 hizo moja kwa moja kwa kampuni ya bima. Hapo hakuna kinachokatwa. Sh72,000 zote za mwaka zinanunua matibabu. Mwajiri naye anaokoa kidogo, kwa sababu katika njia ya kwanza alipaswa kulipa asilimia 1.5 yake ya ushuru wa nyumba juu ya marupurupu hayo, ambayo ni Sh1,080 kwa mwaka.

Atatokea msomaji mwerevu aseme: lakini nikipewa pesa taslimu nikajinunulia bima, si KRA hunipa punguzo? Ni kweli. Kifungu cha 31 humpa mkazi wa Kenya anayejilipia bima ya matibabu punguzo la kodi la asilimia 15 ya malipo yake, lisilozidi Sh5,000 kwa mwezi au Sh60,000 kwa mwaka. Bima ya matibabu iliingizwa katika nafuu hiyo kwa mikataba iliyoanza Januari 1, 2007 na baadaye.

Tuirudie hesabu basi. Bima ya Sh72,000 kwa mwaka itampa punguzo la Sh10,800. Lakini alikuwa amekatwa Sh23,742 kabla hajafika kwa wakala wa bima. Ukitoa punguzo hilo, bado amepoteza Sh12,942 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh1,000 kila mwezi. Mgonjwa wa kisukari anayenunua dawa kila mwezi ajua vyema Sh1,000 zina kazi gani.

Kwa hiyo punguzo la asilimia 15 ni jambo zuri kwa anayejilipia, lakini halilingani na nafuu ya kulipiwa moja kwa moja. Vilevile mtu hawezi kula kwa mikono miwili. Malipo ambayo mwajiri ameyalipa bila kodi hayawezi kuombewa punguzo hilo tena. Sheria hulitoa kwa pesa ulizolipa wewe mwenyewe, au zile alizolipa mwajiri ambazo tayari ulitozwa kodi juu yake. Kama mnagawana gharama, mwajiri akalipa sehemu na wewe sehemu, ni ile sehemu yako ndiyo inayokupa punguzo.

NANI YUMO NA NANI HAYUMO

Hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Sheria haikusema "jamaa zako" kwa jumla. Inawataja mwajiriwa mwenyewe, mume au mke wake, na watoto wasiozidi wanne ambao umri wao hauzidi miaka 21.

Kijana wako wa chuo kikuu aliyefikisha miaka 22 hayumo, ingawa bado unamlipia karo. Kampuni nyingine za bima hukubali kumweka kijana kama huyo katika bima ya mzazi kwa sababu ni mwanafunzi, lakini kukubaliwa na kampuni ya bima si sawa na kukubaliwa na sheria ya kodi. Mtoto wa tano pia hayumo. Kadhalika baba na mama hawamo. Mwajiri akimlipia bima mama yako mzazi, jambo hilo ni la kushukuriwa sana, ila malipo hayo yanaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yako na kutozwa kodi. Ni vyema kumuuliza karani wa mishahara yanaonyeshwaje kwenye stakabadhi kabla ya kushangazwa na makato.

Wakurugenzi wanaomiliki hisa katika kampuni zao, washirika katika biashara na wenye biashara za mtu mmoja pia wameruhusiwa kufaidi nafuu hii, lakini wao wamewekewa kikomo cha Sh1,000,000 kwa mwaka. Kikomo hicho kiliwekwa ili mwenye biashara asijitibie kwa mamilioni na kuyaita yote gharama za kazi.

Wanaobaki nje ni wale ambao kwa kweli si waajiriwa wa muda wote. Mijini siku hizi watu wengi hufanya kazi kwa mkataba wa ushauri. Wanakuja ofisini kila siku, wana meza na kiti, lakini malipo yao hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 badala ya PAYE. Huyo mbele ya sheria ni mfanyabiashara anayejitegemea. Anayempa kazi akimlipia bima, malipo hayo ni sehemu ya ujira wake. Njia yake ni kujinunulia bima na kudai punguzo la asilimia 15 anapowasilisha taarifa zake za mapato kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Isitoshe, nafuu tunayoizungumzia ni ya matibabu pekee. Mwajiri akikulipia bima ya maisha au ile ya kumwekea mtoto akiba ya elimu, usidhani itapita kwa mlango huo huo. Hizo zina kanuni zake.

MSHAHARA MDOGO JE?

Mfanyakazi anayepata chini ya Sh24,000 kwa mwezi halipi PAYE, kwa kuwa kodi yake ya asilimia 10 humezwa na punguzo la kibinafsi la Sh2,400 ambalo kila mkazi hupewa. Yeye akipewa pesa taslimu hakatwi kodi ya mapato, ila makato ya SHIF na ushuru wa nyumba yapo pale pale.

Wengine hutumia hoja hiyo kusema kwamba mfanyakazi wa chini ni heri apewe pesa zake. Kwa maoni yangu, huyo ndiye anayehitaji bima zaidi. Kwanza, lile punguzo la asilimia 15 halimsaidii hata akijinunulia bima, kwa sababu hana kodi ya kupunguziwa, wala KRA haimpi tofauti hiyo kama pesa. Pili, nyongeza yoyote ya taslimu inaweza kumvusha mpaka wa Sh24,000 na kumwingiza katika ngazi ya asilimia 25. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa daktari, yeye hana akiba ya kumwokoa siku ya upasuaji wa ghafla. Hana shamba la kuuza wala ndugu wa kumkopesha. Mchango wa harambee huanza akiwa tayari kitandani.

SHIF HAIJAONDOKA

Wapo wanaodhani kwamba ukiwa na bima ya kibinafsi huhitaji kuchangia SHIF. La hasha. Hazina hiyo ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024, na mchango wake ni wa lazima. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya jumla ya mshahara, isiyopungua Sh300 kwa mwezi, wala haina kikomo cha juu. Mfanyakazi wetu wa Sh120,000 aliyekuwa akilipa NHIF Sh1,700 sasa hulipa Sh3,300.

Katika kodi, hata hivyo, amepata afueni fulani. Zamani mchango wa NHIF ulimpa punguzo la asilimia 15, yaani Sh255 kwa zile Sh1,700. Tangu Desemba 27, 2024 mchango wote wa SHIF huondolewa katika mshahara kabla ya kukokotoa kodi. Kwa Sh3,300, mfanyakazi wa ngazi ya asilimia 30 huokoa kodi ya Sh990. Angalia stakabadhi yako uone kama karani amefanya hivyo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 inamlazimu mwajiri, anapokokotoa PAYE, kuzingatia makato na mapunguzo yote ambayo mfanyakazi anastahili, badala ya kumwachia mfanyakazi ayafukuzie mwisho wa mwaka.

Ushauri wangu ni kuzitumia bima hizo mbili pamoja. Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, na wategemezi wako wamo. Kampuni nyingine za bima ya kibinafsi hulipa kile kilichobaki baada ya SHIF kulipa sehemu yake. Asiyejisajili huenda akalazimika kuijaza sehemu hiyo kutoka mfukoni mwake.

BIMA YA KUNDI AU YA KWAKO BINAFSI?

Mbele ya kodi zote mbili ni sawa. Mbele ya ugonjwa zina tofauti kubwa, na tofauti hizo afadhali uzijue ukiwa mzima.

Bima ya kundi aghalabu humpokea mtu alivyo. Kampuni ya bima inatazama wafanyakazi mia moja kwa pamoja, wagonjwa na wazima, kwa hiyo mwenye presha au pumu huweza kutibiwa bila kungojea sana. Udhaifu wake ni kwamba si mali yako. Siku unapoachishwa kazi au kustaafu, kadi hufungwa. Wapo wanaogundua hivyo wakiwa kwenye dirisha la mapokezi la hospitali.

Bima ya kibinafsi, hata ikilipwa na mwajiri, imeandikwa kwa jina lako. Ukiondoka unaweza kuendelea kuilipia mwenyewe na kuanza kudai lile punguzo la asilimia 15. Faida hiyo ni kubwa kwa mtu aliyepita miaka 40, kwa kuwa kuanza bima mpya katika umri huo huambatana na maswali mengi, vipimo na malipo ya juu. Udhaifu wake ni muda wa kungojea. Kwa kawaida magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, uzazi na baadhi ya upasuaji havilipiwi katika miezi ya kwanza. Mama anayepanga kupata mtoto na asome sehemu hiyo ya mkataba kabla hajashika mimba.

Nitoe onyo moja kama daktari. Usiifiche hali yako unapojaza fomu ya bima. Watu huandika "sina ugonjwa wowote" ilhali wamekuwa wakitumia dawa za kisukari kwa miaka mitano. Siku ya kulazwa, daktari huulizwa historia ya mgonjwa, naye hawezi kuandika uongo. Kampuni ikigundua, hukataa kulipa, na hapo nafuu zote za kodi zilizotajwa katika makala haya hazitakufaa kitu.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Mwajiri wangu hutulipia hospitali kwa kuonyesha risiti. Je, hutozwa kodi?
Inategemea kama kuna mpango wa matibabu unaojulikana. Penye mpango uliowekwa na mwajiri kwa wafanyakazi wake, kurudishiwa gharama chini ya mpango huo ni sehemu ya matibabu. Pasipo mpango, pesa unazorudishiwa huhesabiwa kama mapato mengine yoyote. Mwombe mwajiri auandike mpango huo, hata kama ni ukurasa mmoja tu: ni nani anayehusika, kiwango ni kipi, na risiti za namna gani hukubaliwa. Nafuu zaidi ni mwajiri kupatana na zahanati na kuilipa moja kwa moja, kwa kuwa thamani ya matibabu anayotoa mwajiri imo katika nafuu ile ile.

Nimekuwa nikipewa pesa taslimu. Naweza kubadilisha?
Zungumza na mwajiri, hasa wakati wa kujadili nyongeza ya mshahara au mkataba mpya. Mwonyeshe kwamba yeye hatoi hata senti zaidi. Makubaliano yaandikwe, na malipo yatoke kwa mwajiri kwenda kwa kampuni ya bima, yasipitie kwenye akaunti yako. Pesa zikikwisha kuingia mkononi mwako, hata ukizipeleka kwa bima saa hiyo hiyo, zimeshakuwa mshahara.

Najilipia bima mwenyewe na bado nakatwa PAYE yote. Nifanye nini?
Iombe kampuni ya bima cheti cha malipo na umpelekee karani wa mishahara ili akuwekee punguzo kila mwezi. Kama mwaka umepita, jaza punguzo hilo katika taarifa zako za iTax. Ikiwa ulilipa kodi iliyozidi, unaweza kuomba urudishiwe. Kumbuka kwamba punguzo hilo hufika kikomo cha Sh60,000 bima yako inapofika Sh400,000 kwa mwaka.

Nakaribia kustaafu. Bima ya kazini ikifungwa nitafanyaje?
Hili ndilo swali ambalo laiti lingeulizwa miaka 10 mapema. Kuna hazina za matibabu ya baada ya kustaafu. Tangu Desemba 27, 2024, mchango wako katika hazina ya aina hiyo, usiozidi Sh15,000 kwa mwezi, huondolewa katika mshahara kabla ya kodi. Mfanyakazi wa ngazi ya asilimia 30 anayechangia Sh5,000 huokoa kodi ya Sh1,500, kwa hiyo kwa kweli anatoa Sh3,500 tu. Uliza kama mpango wenu wa pensheni una hazina hiyo.

CHA KUFANYA JUMA HILI

Chukua stakabadhi yako ya mshahara ya mwezi uliopita na uangalie mambo manne. Kwanza, je, kuna mstari wa marupurupu ya matibabu ya pesa taslimu? Kama upo, unakatwa kodi juu ya pesa ambazo zingeweza kukutibu zikiwa nzima. Pili, je, mchango wa SHIF umeondolewa kabla ya kukokotoa PAYE? Tatu, kama unajilipia bima, je, punguzo la asilimia 15 lipo? Nne, majina ya wategemezi wako kwenye bima ni yapi, na umri wao ni miaka mingapi?

Mwajiri naye anayesoma makala haya na atafakari. Wafanyakazi watano wanaolipiwa bima hawamgharimu zaidi ya watano wanaopewa kiasi hicho hicho taslimu. Lakini watano hao watakuja zahanati siku ya pili ya homa badala ya siku ya kumi, nao watapimwa presha wakiwa bado wanatembea kwa miguu yao. Shinikizo la damu halina maumivu ya kumwonya mtu. Humharibu figo, moyo na ubongo kimya kimya, na mtu anayehesabu pesa za mfukoni hawezi kwenda kupimwa kitu kisichomuuma.

Sheria za kodi hubadilika, na mara nyingi mabadiliko huja na Sheria ya Fedha katikati ya mwaka. Viwango na vikomo vinaweza kusogezwa, kwa hiyo yafaa kumuuliza karani wa mishahara au ofisi ya KRA iliyo karibu nawe kabla ya kutia sahihi. Msingi wenyewe, hata hivyo, ni rahisi kuukumbuka: pesa za matibabu na ziende kwenye matibabu bila kupitia mfukoni, kwa sababu mfukoni kuna wengi wanaozingojea.